"Try": kujaribu au kuhukumu?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Waingereza hutumia "try" kwa kujaribu na pia kwa kusikiliza kesi. Asili yake ni Kifaransa cha kale, "trier", yaani kuchambua. Hapa Tanga tazama machungwa ya Muheza yakishushwa sokoni: mazima huku, mabovu kule. Mahakama nayo huchambua ushahidi; maana ya kujitahidi ilikuja baadaye. Hata kwenye mchezo wa raga, kugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani huitwa "try", kwani zamani hakukuleta pointi, kulikupa tu nafasi ya kujaribu kupiga golini.

Mimi nalipenda zaidi "jaribu" letu, lililotoka Kiarabu "jarraba", kupima. Limezaa jaribio la maabara, na majaribu pia, yale yanayompima mtu imani yake.