Maswali yenu kuhusu Lushoto

Tangu niseme hapa kwamba nilikaa siku nne Lushoto, mji mdogo ulio juu ya milima ya Usambara, mkoa wa Tanga, maswali hayajakoma. Nimeokota machache.

Sina gari. Kutoka Nairobi nitafikaje? (Msomaji, Umoja)

Panda basi dogo la asubuhi la Arusha, kupitia Namanga. Hesabu kama saa sita pamoja na foleni ya mpakani. Usijidanganye kwamba utalala Lushoto siku hiyohiyo. Mimi nilijidanganya, nikashushwa Mombo usiku, magari ya kupanda mlima yameshaondoka, nikakesha gesti ya karibu na stendi nikipigana na mbu. Lala Arusha au Moshi, kesho yake upande basi la Tanga au Dar, umwambie konda akushushe Mombo.

Mombo ni joto tupu, nchi ya mkonge. Kutoka hapo lami inapanda kona baada ya kona, kilomita 33 hivi, kupitia Soni. Mama aliyekaa mbele yangu alichomoa sweta kwenye kikapu tukiwa bado tunatoka jasho. Nilimshangaa. Kabla ya Soni masikio yalikuwa yameziba, madirisha yote yamefungwa, na mimi natetemeka kwa shati la mikono mifupi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ni ya Limuru hasa. Masika, yaani Machi hadi Mei, mimi singeenda: udongo huporomoka barabarani.

Nasikia ni mji wa Wajerumani. Kuna cha kuona? (Mwalimu, Buruburu)

Mwalimu, hapo tutagombana kidogo. Ni kweli Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakawa wanapanda huko kukimbia joto la pwani mpaka Waingereza walipouteka mwaka 1916. Majengo kadhaa ya enzi hizo yapo. Na lile ua dogo la zambarau ambalo watu wa Nairobi hulipanda kwenye mikebe dirishani limetoka milima hii: afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kisayansi likapewa jina lake, Saintpaulia.

Lakini Wajerumani walikuta watu na serikali yao. Wasambaa husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu, akawaulia nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akagawa nyama, wakampa ufalme. Ukoo wake wa Kilindi ulitawala kutoka Vuga, kijiji ambacho ukiwa Soni hakiko mbali. Krapf, mmisionari huyuhuyu wa Rabai tuliyemsoma shuleni, alifika kwa mfalme Kimweri mwaka 1848, kabla hata hajauona Mlima Kenya.

Halafu kuna Wambugu. Hawa ndio walionichelewesha kurudi. Ni wafugaji wa muda mrefu huko juu, na lugha yao imewasumbua wataalamu kwa miongo mingi: sarufi ni ya Kibantu, karibu sana na Kipare, ilhali maneno mengi ya usemi wao wa ndani, ule wa wao kwa wao, ni ya Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali. Mzee mmoja pale Magamba alinisemea sentensi ileile mara mbili, kwanza kwa usemi wa kawaida, kisha kwa ule wa ndani. Viambishi vilibaki vilevile, maneno yote yakageuka. Nikacheka, akaniuliza nacheka nini. Nikamweleza Sheng: mifupa ya Kiswahili, nyama ya kwingine. Akasema, "Basi na ninyi ni Wambugu."

Kwa hiyo magofu na mapaa yatazame ukipita, lakini tafuta mwongoza njia mwenyeji, mlipe vizuri, na umuulize kuhusu watu.

Kiswahili changu cha Nairobi kitanitia aibu? (Kijana, Kayole)

Kidogo. Siku ya kwanza nilisema "nipe chai" na binti wa mgahawa akaniangalia kama aliyekanyagwa. Huko ni "naomba chai", na kabla ya hapo salamu kamili: habari za asubuhi, za nyumbani, za safari. Mtu mzima mpe "shikamoo" bila kusita, hata kama kwenu umezoea "niaje mzae". Ukishasalimia, bei ya sokoni nayo hulegea.

Chakula? (Mama Wawili, Kasarani)

Ugali, maharage, mboga za majani mabichi kweli, na peasi na plamsi msimu ukiwadia. Pale Irente kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalouza jibini, jemu na mkate mweusi wa rai. Nunua jibini. Mkate huo mimi sikuumudu, unataka meno.

Sina pasipoti. Kitambulisho si kinatosha? (Msomaji, Rongai)

Uganda na Rwanda, ndiyo. Tanzania, hapana: utahitaji pasipoti au hati ya muda ya Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama safari ni wikendi hii, nenda Wundanyi, kwenye milima ya Taita hapahapa Kenya. Panda treni ya SGR hadi Voi, kisha matatu kupitia Mwatate. Milima ya Taita na ya Usambara ni ya safu moja, msitu wa Ngangao una ndege wasiopatikana kwingine duniani, na kuna mapango ambamo Wataita waliweka mafuvu ya wazee wao. Hayo usiyapige picha bila ruhusa ya wenyewe.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti mabovu. Ataona nini? (Msomaji, South B)

Mpeleke genge la Irente kwa gari, kama kilomita sita kutoka mjini, jioni jua likishuka. Anakaa, anatazama bonde likidondoka karibu mita elfu moja hadi Mazinde, na nyika ya Wamasai nyuma yake. Mvike koti. Ukungu ukifunga msingoje, rudini kesho yake asubuhi. Kwa hiyo lipieni usiku mbili, si mmoja.