Silabi Kwanza, Alfabeti Baadaye

Binti yangu alipotimiza miaka 6 alikuwa anaimba alfabeti yote ya Kifaransa bila kukosea, nami, kama wazazi wengi wa Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, Kongo, wanaolipia masomo kwa jasho, nikajiona nimefaulu. Jioni moja nilimwandikia daftarini neno "baba". Alilitazama, akasema: "Be, a, be, a." Nikamwuliza neno lenyewe ni lipi. Akarudia herufi zile zile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia vizuri.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha majina ya herufi bila kumfundisha sauti zake, na jina "be" halimsaidii mtoto anayetakiwa kusikia "ba". Kiswahili kina irabu 5 tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na karibu kila silabi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi chache anaweza kujisomea maneno mengi ambayo amekuwa akiyatamka tangu utotoni. Tuliweka alfabeti kando. Tukaanza na irabu, tukaenda kwenye ma, me, mi, mo, mu, kisha tukaingia kwenye ba, ka na la. Ny, ch, sh na ng' nilizichelewesha makusudi.

Neno la kwanza alilosoma peke yake halikuwa la daftarini. Tulikuwa tunapanda kilima tukitoka sokoni, mzigo ukinilemea, naye akasimama ghafla mbele ya kibao kilichoandikwa kwa chaki, akaweka kidole kwenye kila silabi: "Ma... ka... la. Makala! Baba, ni makala!" (Wasomaji wa Dar es Salaam wasishangae: huku kwetu makala ni yale meusi ya kupikia.) Mama aliyekuwa akiyauza alicheka, akampa kipande kimoja, na kwa kipande hicho ukuta wa jikoni ukajaa silabi mwezi mzima. Nyanya yake alinung'unika sana. Nilimwomba avumilie, kwa kuwa ukuta hupakwa chokaa tena.

Tulitumia dakika 15 kwa siku, kabla giza halijaingia, maana umeme wa Bukavu si wa kupangia ratiba. Dakika hizo zilitosha. Nilipojaribu kumkalisha saa nzima, alianza kukisia maneno ili amalize upesi, na kukisia ni tabia ngumu kuiondoa. Vilevile, nilidanganyika kwa wiki kadhaa na ukurasa mmoja wenye picha ambao aliusoma vizuri mno, hadi siku nilipoifunika picha kwa kiganja, naye akanyamaza. Alikuwa ameukariri. Tangu hapo humwonyesha neno moja katikati ya mstari, au humwanzisha na neno la mwisho.

Wazazi wenzangu huniuliza kama Kiswahili hakitamchelewesha katika Kifaransa, ambacho ndicho kinachotumika katika shule nyingi za mjini. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 yenyewe inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, lakini nakiri kwamba sheria hiyo haikunituliza kama alivyonituliza binti yangu mwenyewe: akishaelewa kwamba alama zinaungana kuwa sauti, haanzi upya anapobadilisha lugha. Anachohitaji ni kuonywa mahali zinapotofautiana. Alipata kunisomea "kuku" kwa u ya Kifaransa, midomo imechongoka, tukacheka wote wawili. Nikamweleza kwamba u yetu wao huiandika kwa herufi mbili, o na u. Baada ya hapo tulitenga madaftari mawili, na jioni moja ikawa ya lugha moja tu.

Kuhusu makosa, sisahihishi kila kitu. Siku hizi yeye ndiye mwandishi wa orodha ya soko, na Jumamosi iliyopita aliandika "sambasa" badala ya "sambaza", wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni, tukateremka pamoja, na alipofika kwa muuza samaki akaisoma mwenyewe kwa sauti. Tulipimiwa kilo moja.