Maswali ya Wasomaji: Kipuri Kibovu Kimetoka Mashine Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda chenye mashine tatu zinazotengeneza kipuri cha aina moja. Mashine ya Kwanza hutoa asilimia 60 ya vipuri vyote, ya Pili asilimia 30, na ya Tatu asilimia 10. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, Mashine ya Kwanza huharibu asilimia 2 ya vipuri vyake, ya Pili asilimia 3, na ya Tatu asilimia 6. Vipuri vyote huchanganywa ghalani. Kila kinapoonekana kipuri kibovu, msimamizi huagiza Mashine ya Tatu isimamishwe kwa kuwa ndiyo inayoharibu kuliko zote. Je, uamuzi huo una msingi wa kihesabu?

JIBU: Hauna, na takwimu ulizotuletea zinatosha kuonyesha sababu. Msimamizi anajua uwezekano wa kipuri kuwa kibovu iwapo kimetoka Mashine ya Tatu, yaani asilimia 6. Anachohitaji kujua ni uwezekano wa kipuri kuwa kimetoka Mashine ya Tatu iwapo tayari kimeonekana kuwa kibovu. Kila kimoja kati ya hivi viwili huitwa uwezekano wenye sharti, lakini masharti yake yanatofautiana: katika cha kwanza tunaijua mashine na tunakadiria ubovu, katika cha pili tunaujua ubovu na tunaitafuta mashine. Mtu akivichukua kuwa kitu kimoja, atasimamisha mashine isiyostahili na kuiacha inayostahili ikiendelea kuharibu.

Njia iliyo wazi zaidi ni kuziweka asilimia kando kwa muda na kuhesabu vipuri vyenyewe. Chukua vipuri 10,000. Mashine ya Kwanza imetengeneza 6,000, na vibovu vyake ni 120. Ya Pili imetengeneza 3,000, vibovu 90. Ya Tatu imetengeneza 1,000, vibovu 60. Vibovu vyote kwa pamoja ni 270. Kipuri kilichoonekana kuwa kibovu ni kimojawapo kati ya hivyo 270, kwa hiyo vile 9,730 vilivyo vizima havina tena nafasi katika hesabu. Uwezekano wa kuwa kimetoka Mashine ya Kwanza ni 120 kwa 270, takriban asilimia 44; Mashine ya Pili ni asilimia 33; na Mashine ya Tatu, ile inayosimamishwa kila mara, ni asilimia 22 tu. Inaharibu sana, lakini inatengeneza vichache mno kiasi kwamba sehemu kubwa ya ubovu uliomo ghalani si yake.

Shaka ya msimamizi, hata hivyo, si ya bure. Kabla ya kipuri kukaguliwa, uwezekano wa kuwa ni cha Mashine ya Tatu ulikuwa asilimia 10. Baada ya kuonekana kibovu umepanda na kuzidi maradufu. Kosa lake ni kuupa ushahidi mmoja uzito wote na kusahau mgawanyo wa uzalishaji uliokuwapo tangu mwanzo. Kanuni inayounganisha mambo hayo mawili hupewa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 baada ya rafiki yake, Richard Price, kuliwasilisha. Mwaka 1774 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa aliifikia kanuni hiyo kwa njia yake mwenyewe, akiitumia kukadiria sababu ya jambo kutokana na matokeo yake, na hiyo ndiyo kazi yako hasa.

Naomba pia utenganishe kutafuta chanzo cha kipuri kimoja na kuamua ni mashine ipi itengenezwe kwanza. Ikiwa fundi anaweza kushusha ubovu wa Mashine ya Kwanza kutoka asilimia 2 hadi 1, mtaokoa vipuri 60 katika kila 10,000, idadi ileile ambayo mngeokoa kwa kuumaliza kabisa ubovu wa Mashine ya Tatu. Uamuzi huo unategemea gharama na ugumu wa kila tengenezo, mambo ambayo kanuni ya Bayes peke yake haiwezi kuyajibu.

SWALI: Kwetu vipuri havichanganywi, kila kasha hujazwa na mashine moja, ila lebo ya kasha moja imepotea. Tumekuta humo vipuri viwili vibovu. Je, hesabu inabaki ileile, au tuirudie mara mbili?

JIBU: Tuchukulie kwamba mashine zenu zina takwimu zilezile za msomaji aliyetangulia. Kabla ya kukujibu ingelazimu kukuuliza: mlikagua vipuri vingapi? Jibu la swali hilo linageuza matokeo yote.

Tuseme mlichukua viwili tu bila kuchagua, na vyote vikawa vibovu. Kwa kuwa vimetoka mashine moja, kiwango cha ubovu kinazidishwa kwa chenyewe, kisha kwa sehemu ya uzalishaji. Mashine ya Kwanza inapata 0.6 × 0.02 × 0.02, yaani 0.00024, ya Pili 0.00027, ya Tatu 0.00036. Ukigawa kila moja kwa jumla yake, 0.00087, utapata takriban asilimia 28, 31 na 41. Sasa Mashine ya Tatu ndiyo inayoongoza, ingawa kwa kibovu kimoja ilikuwa ya mwisho. Cha tatu nacho kikitolewa na kuwa kibovu, uwezekano wake unafika karibu asilimia 63.

Lakini ikiwa mlikagua vipuri 100 na viwili tu ndivyo vilivyokuwa vibovu, vile 98 vizima navyo ni ushahidi, na ushahidi mzito. Mashine inayoharibu asilimia 6 ni nadra kutoa vizima vingi kiasi hicho. Ukiviingiza katika hesabu, Mashine ya Kwanza inapata takriban asilimia 70, ya Pili asilimia 29, na ya Tatu haifiki asilimia 2. Ndiyo maana ripoti ya ukaguzi inayotaja vibovu pekee, bila idadi ya vilivyokaguliwa, hainiridhishi hata kidogo.

Hesabu hizi zimechukulia kwamba, mashine ikishajulikana, ubovu wa kipuri kimoja hauathiri wa kingine. Kisu kikipoteza makali katikati ya zamu, vibovu hufuatana, na sharti hilo huvunjika. Hapo kukagua vipuri vilivyotengenezwa kwa mfululizo kutawapotosha, na ni afadhali kuvichukua kutoka sehemu mbalimbali za kasha. Vilevile, kiwango cha ubovu kilichoandikwa kabla ya kisu kubadilishwa kisitumike kwa makasha yaliyojazwa baadaye. Anzeni kuhesabu upya tangu siku ya badiliko, na tarehe hiyo iandikwe kwenye lebo pamoja na namba ya mashine.