Mke anakwenda Kanada kikazi, mimi kaniachia fomu

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume wa miaka 38, mkaazi wa Bamburi, wakala wa forodha bandarini. Mke wangu ni mtoto wa Mombasa lakini alilelewa Toronto na ni raia wa Kanada. Alirudi kufanya kazi hapa, tukaoana kwa Kadhi miaka minne iliyopita. Mtoto bado hatujajaaliwa. Sasa amepata kazi Halifax, anaanza Machi. Anasema ataniombea ukaazi wa kudumu, nami nitafuata karatasi zikitoka. Nimemwambia angoje tuondoke pamoja, au aniombee viza ya matembezi nikangojee huko huko. Hataki kuelewa. Badala yake kila siku ananisumbua: picha za harusi, cheti cha polisi, taarifa ya M-Pesa ya miaka miwili, majina ya jamaa zangu wote. Nimekuwa kama mshukiwa nyumbani mwangu. Ya M-Pesa nimekataa, hayo ni mambo ya mwanamume. Pia kuna kijana wa miaka saba, yuko Mtwapa, ninamlipia karo. Ni mtoto wa mtu niliyejuana naye zamani. Sioni haja ya serikali ya watu kujua habari zake, na mke wangu sijamwambia nisije nikamtia wasiwasi bure. Ndugu zangu wananicheka, wanasema mke ameniweka mfukoni. Je, huyu ananipenda au anatafuta njia ya kuniacha?*

*Aliyeachwa Nyuma, Bamburi*

Marahaba, mwanangu. Kubaki nyuma kunauma, na kuchekwa na ndugu kunauma zaidi. Pole sana. Pole nimeshakupa, sasa tuzungumze.

Barua yako ina maneno mengi juu ya mke na maneno machache juu ya kijana wa Mtwapa. Mimi tangu jana nimekwama kwenye hayo machache. Mtoto wa mtu uliyejuana naye zamani hulipiwa karo muhula mmoja, mama yake akikwama. Halipiwi kila muhula na mtu anayekataa kumwonyesha mkewe M-Pesa. Kijana ana miaka saba, ndoa yako ina minne. Kijana huyo ni wako. Kama nimekosea niandikie, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya wasomaji wote, lakini sidhani kama barua hiyo itakuja.

Umeniuliza kama mkeo anakupenda, nami nitakujibu kwa hizo hizo karatasi zinazokuudhi. Mtu anayemdhamini mume kwenda Kanada hutia sahihi ahadi kwa serikali: miaka 3 tangu siku mume anapopata ukaazi, matumizi yake ni juu ya mdhamini. Mume akiishia kuchukua msaada wa serikali, deni linamrudia mke. Hata mkiachana mwezi wa pili, ahadi haivunjiki. Mwanamke anayetafuta njia ya kukukimbia hawezi kujifunga kamba ya namna hiyo shingoni. Angepanda ndege Machi, akakutumia ujumbe akifika.

Na hiyo safari unayoilalamikia ndiyo inayokusaidia. Kwa kuwa ni raia, ana ruhusa ya kuwasilisha ombi hata akiwa hapa Bamburi, almuradi aonyeshe kwamba mtaishi Kanada wewe ukishapata ukaazi. Angekuwa na ukaazi tu bila uraia, ingemlazimu awe anaishi huko kwanza. Basi kuna ushahidi gani mzuri kuliko barua ya kazi ya Halifax? Unamwambia angoje. Angoje nini? Maombi haya huhesabiwa kwa miezi, na mwajiri hatamwekea kiti mpaka faili lako lipite. Ya viza ya matembezi, ombeni mkipenda, haikatazwi, afisa ndiye atakayeamua. Lakini nayo ina fomu yake ya familia, na utakachoandika kule kitalinganishwa na utakachoandika huku.

Picha na taarifa anazozitaka si upelelezi. Afisa hakujui wewe wala ukoo wako. Hakula pilau ya harusi yenu. Anataka kuona kwamba ndoa hii ni ndoa, na watu wa ndoa huacha alama: picha, safari, pesa za kodi na za soko zinazotoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ndiyo maana kaomba taarifa ya M-Pesa. Wewe ukaruka. Kwa miezi 24 humo ndani mna jina moja la Mtwapa linalojirudia, tarehe zile zile, nawe unalijua.

Sasa nije kwa lililonifanya niweke kalamu chini nikaenda barazani kupumua. Umeandika "mtoto bado hatujajaaliwa," ukapita mbio kama mtu anayevuka barabara ya Kongowea. Hukuniambia, lakini nakuuliza: katika miaka hii minne, ni nani aliyekunywa dawa? Nani aliyepelekwa kwa mganga wa mitishamba, akapimwa damu, akaambiwa alale hivi na asile vile? Nani aliyekuwa akiulizwa na mama yako kila Idi, mbele ya mawifi, kama bado? Nawe ulikuwa umeketi pale, unajua una kijana Mtwapa, unajua kwamba wewe si tasa, ukanyamaza. Kila mwezi mke amehesabu siku peke yake, na jibu la nusu ya swali lake unalo mfukoni mwako. Hapo ndipo ulipomwacha nyuma, mwanangu, tena kitambo, kabla hajasikia jina la Halifax.

Unasema huoni haja ya serikali ya watu kumjua kijana. Nitakueleza jinsi mambo yenyewe yanavyokwenda, ili usije ukasema hukuambiwa. Fomu ya familia inataka watoto wako wote, unaokwenda nao na unaowaacha. Mtoto aliye chini ya miaka 22 huhesabiwa kuwa tegemezi wako, na hata kama hasafiri, ni lazima apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Usipomtaja, hapimwi. Asiyetajwa na asiyepimwa, sheria yao humtoa katika familia unayoweza kuidhamini baadaye. Yaani utakaa Halifax, moyo utakulainika, utataka kijana aje asome kwako, na mlango utakuwa umeufunga kwa mkono wako mwenyewe siku hii ya leo. Na uongo ukigunduliwa kabla, unazuiwa miaka 5 kuingia, wala huombi ukaazi katika muda huo. Ukigunduliwa baada ya kuupata, wanaweza kukunyang'anya. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwingine atakunong'oneza kwamba mtoto wa nje ya nikaha nasaba yake ni ya mama, kwa hivyo fomu haikuhusu. Mambo ya nasaba na mirathi muulize sheikh wako, simwingilii. Fomu ya Kanada haiulizi mirathi. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, imempa mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Karo unayotuma si sadaka.

Na swali moja la kukuuliza faraghani, ijapokuwa linasomwa na wengi: huyo mama wa Mtwapa, una nikaha naye? Kama uliwahi kumwoa ukamwacha, tafuta cheti cha talaka kwa Kadhi, kitatakiwa. Kama ulikuwa na nikaha yake siku uliyomwoa huyu wa sasa, faili limekufa kabla halijafunguliwa, kwa sababu Kanada haikubali mke wa pili hata kama dini na sheria za kwetu zinakuruhusu. Mkeo anastahili kuyajua hayo kabla hajatia sahihi. Akitaka kumchukua na kijana pia, ahadi ya mtoto ni ya miaka 10, au mpaka afike miaka 25, lolote litakalotangulia. Unataka mwanamke abebe mzigo huo bila kuonyeshwa?

Ndugu zako wanaokucheka, waambie wanyamaze kidogo nami niseme nao. Mji huu umekula safari. Mume wangu alikwenda Jeddah 1981, akaniacha Kibokoni na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Barua zilikuja na mtu aliyerudi, pesa vilevile. Nilikaa miaka miwili na miezi minne. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mama yangu kama nimeachwa. Walisema mumewe kaenda kutafuta, wakaniletea samaki. Nusu ya nyumba za Mji wa Kale zilikuwa hivyo, wanaume Jeddah, Maskati, Dubai, na wake wanazeeka dirishani. Leo mke kaenda kutafuta yeye, neno limegeuka, imekuwa kumwacha mume. Na wale wasichana wa Likoni na Kisauni wanaokwenda Saudia kazi za nyumbani, wakatuma pesa za mabati na za karo, mbona waume zao hawachekwi wakizipokea? Mwanamke akitafuta kwa kufua nguo za watu, ni sawa. Akitafuta kwa elimu yake na mshahara mzuri, basi mume yuko mfukoni. Mimi sioni tofauti ila kiburi cha wanaume kinachoumia.

Na ndoa za siku hizi, jamani. Simu zinalala kifudifudi mezani. Mtu ana nywila ya simu ambayo hata homa ikimpata hawezi kuitaja. Zamani sisemi watu walikuwa malaika. Watoto wa nje walikuwapo, lakini walijulikana. Siku ya Idi mtoto aliletwa, akapewa kanzu kama wenzake, mke akanuna siku tatu, ya nne akamkatia mkate wa sinia. Aliona haya nani? Baba, si mtoto. Sasa baba hataki kuona haya hata siku moja, kwa hivyo mtoto ndiye anayefichwa, kama kwamba kosa ni lake. Mficha uchi hazai, nawe umezaa kisha ndiyo ukaanza kuficha.

Utafanya hivi, na utafanya wiki hii. Usimngoje afike Halifax ukamwambia kwa simu, usiku wake ni mchana wako na hatakuwa na mama wa kumlilia. Usimtume mtu. Usimwite kaka yako awepo. Chapisha ile taarifa ya M-Pesa yote, usiondoe ukurasa, keti naye siku ambayo hafanyi kazi, umwekee mbele. Mwambie jina la mama, mwambie mwaka, mwambie kama kuna nikaha au hakuna. Usiseme "nilitaka kukulinda", maneno hayo yatamchoma kuliko habari yenyewe. Mwombe radhi hasa kwa hii miaka minne ya dawa na maswali ya mama yako. Kisha umwahidi kwamba wewe mwenyewe utakwenda kwa daktari mkapimwe wote wawili, kwa sababu mtoto wa miaka saba iliyopita si cheti cha leo.

Atalia. Huenda akafunga sanduku akaenda kwao. Mwache aende, usimfuate na wazee siku ya pili. Anaweza pia kusema ombi lisimame, na hiyo ni haki yake, kwa sababu sahihi ni yake na deni ni lake. Usithubutu kumuuliza "je, karatasi zangu?" kabla yeye hajazitaja. Akikubali muendelee, hapo ndipo uende Mtwapa kuzungumza na mama wa kijana, maana yeye ndiye atakayemshika mkono kumpeleka kwa daktari, naye asishtukizwe. Mengine yote ni mepesi. Cheti cha polisi unakiomba kwa eCitizen ukachukuliwe alama za vidole, zile za Kanada unazifuata Nairobi, cheti cha ndoa cha Kadhi mnacho.

Kuna jambo moja nililiona nilipokuwa nakunja barua yako. Umemtaja Kadhi, umeitaja Toronto na Halifax, hata ndugu wanaocheka umewataja. Kijana wako hukumtaja jina. Kwenye fomu kuna nafasi ya jina lake kamili na tarehe aliyozaliwa. Ukiniandikia tena, anza na hayo.