Miguu inawaka moto: maswali yenu na majibu yangu

Malalamiko ya miguu kuwaka moto yamekuwa mengi katika maswali mnayoniletea, na karibu kila muulizaji anaanza kwa kunitajia dawa alizokwisha kununua. Leo naomba tuanzie kwingine. Panawaka wapi hasa? Saa ngapi? Mguu mmoja au yote miwili? Mara nyingi majibu hayo yanamwonyesha daktari pa kutafuta hata kabla hajaandika kipimo chochote.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 52. Usiku nyayo zinawaka hadi natoa miguu nje ya shuka. Ilianza kwenye vidole, sasa imepanda mpaka kwenye vifundo, miguu yote miwili. Mchana nikiwa na shughuli sisikii sana. Nimemeza vidonge vya vitamini za neva kwa miezi kadhaa, sijaona nafuu.

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kukosa usingizi. Huenda watu wa nyumbani wakiigusa miguu wanaikuta haina joto lolote, wakadhani unatia chumvi. Hutii chumvi. Moto unaousikia hauko kwenye ngozi, uko kwenye neva zenyewe. Neva zinazofika vidoleni zinaanzia chini ya mgongo na ndizo ndefu kuliko zote mwilini, kwa hiyo kinachodhuru neva za mwili mzima huanza kujionyesha huko miishoni. Neva iliyoumia ni kama waya uliochubuka: inapeleka taarifa ya moto pasipo na moto. Usiku, kazi zikiwa zimetulia na akili haina pa kwenda, taarifa hizo zinasikika zaidi.

Ulivyoeleza, yaani vidole kwanza, pande zote mbili sawasawa, kisha kupanda taratibu, kunanifanya nifikirie kisukari kabla ya kitu kingine. Ndicho chanzo kinachoongoza duniani. Usiseme "mimi sijawahi kuambiwa nina sukari". Wapo wengi wanaoigundua kwa mara ya kwanza kupitia miguu, na neva zinaweza kuanza kuumia sukari ikiwa imepanda kidogo tu, haijafikia hata kiwango cha kuitwa ugonjwa. Pima asubuhi kabla ya kula chochote. Ikiwa ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi (sawa na miligramu 126 kwa desilita), na ukirudia siku nyingine ikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari. Kipimo cha HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, mpaka wake ni asilimia 6.5.

Sukari ikiwa sawa, tusiishie hapo. Omba upimwe vitamini B12, figo, tezi ya thairoidi na VVU. Daktari atakuuliza pia kuhusu pombe, na naomba umjibu kwa ukweli, kwa sababu pombe nyingi ya miaka huumiza neva yenyewe na pia humpunguzia mnywaji vitamini B1.

Sasa hivyo vidonge. Vingi ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Aliyepungukiwa na vitamini hizo vinamsaidia kweli. Asiyepungukiwa havimtibu, na B6 nyingi ikitumika kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva na kuleta moto uleule aliotaka kuuzima. Inaniuma sana kuona mtu anamaliza miezi na fedha kwenye vidonge huku sukari haijapimwa hata mara moja.

Nikuombe jambo jingine. Moto ukizimika wenyewe bila chanzo kutibiwa, usishangilie. Mara nyingi ni ganzi imeingia mahali pa maumivu. Mguu wenye ganzi unakanyaga msumari, unaungua kwa maji, unachubuliwa na kiatu, na mwenyewe hana habari. Vidonda vinavyoishia kwa mtu kukatwa mguu huanzia hapo.

SWALI: Nina kisukari kwa miaka tisa, natumia metformin. Sukari yangu sasa ni nzuri lakini miguu bado inachoma. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, ndugu yangu. Kushusha sukari kunazuia neva zaidi zisiharibike. Zilizokwisha kuumia zinachukua muda mrefu, na nyingine hazirudi kabisa. Neva inayopona hukua kwa takriban milimita moja kwa siku, basi hebu fikiria umbali wa kutoka kiunoni hadi kidoleni. Tena, sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa kwa haraka, maumivu ya neva yanaweza kuzidi kwa muda kabla ya kupungua. Watu wengi hukata tamaa hapo na kuacha dawa, jambo ambalo nakusihi usilifanye.

Ila kuna kitu cha kupima. Metformin ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na upungufu wake unachoma miguu vilevile kama kisukari, hata ukadhani ni kisukari. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole, zikitumika muda mrefu nazo huchangia. Usiache metformin. Omba upimwe B12, na ikiwa iko chini utapewa sindano au vidonge. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na aliyewahi kukatwa sehemu ya tumbo, naye aulize kipimo hiki.

Kuhusu maumivu: paracetamol haifui dafu mbele ya maumivu ya neva. Diclofenac na ibuprofen ni vivyo hivyo, na kwa mtu wa kisukari zinaweza kuziumiza figo. Dawa zinazofanya kazi ni za aina nyingine: amitriptyline kwa dozi ndogo usiku, duloxetine, gabapentin au pregabalin. Ukisoma karatasi yake ukaona imeandikwa ni ya sonona au kifafa, usiogope. Dawa hizi hutuliza neva zinazopiga kelele. Zinaanza chini na kupandishwa polepole, na zinahitaji wiki kadhaa kabla hujasema hazifai. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, presha ya macho, shida ya figo au ya kukojoa, kwa kuwa huenda akakuchagulia nyingine au akapunguza dozi. Na ukiamua kuacha, usikate ghafla.

Kila jioni kagua nyayo zako, pamoja na katikati ya vidole. Usipoona vizuri tumia kioo, au umwombe mwenzako. Maji ya kuoga yajaribu kwa kiwiko, si kwa mguu. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na usitembee peku hata ndani ya nyumba. Kidonda chochote, hata kisichouma, kinakwenda kliniki siku hiyohiyo.

SWALI: Niko mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Vidole vya miguu vimeanza kuchoma na kufa ganzi. Niziache kwanza?

JIBU: Hapana, tafadhali usiziache. Kifua kikuu kilichotibiwa nusunusu kinarudi kikiwa sugu. Mhusika mkuu hapa ni isoniazid, ambayo humaliza vitamini B6 mwilini. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hupewa B6, yaani pyridoxine, pamoja nayo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 25 kwa siku kama kinga. Dalili zikishaanza, dozi huongezwa. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, wanywaji wa pombe na waliodhoofu kwa lishe duni. Rudi kituoni kwako kesho, usisubiri tarehe ya kliniki, uwaambie neno kwa neno ulivyoniambia. Mtaona nimeionya B6 hapo juu na hapa naisifu: kinachoamua ni upungufu na kiasi, na vyote viwili anavipima aliyekuandikia dawa. Baadhi ya dawa za saratani nazo, kama vincristine, paclitaxel na cisplatin, huchoma miguu kwa njia zake. Ushauri ni uleule: sema mapema, usiache kimyakimya.

SWALI: Mimi ni dereva. Paja la kulia, upande wa nje tu, linawaka kama limepakwa pilipili. Nyayo hazina shida. Nimeongezeka uzito.

JIBU: Legeza mkanda, kaka. Kuna neva ndogo ya ngozi inayopita karibu na mfupa wa nyonga kwenda upande wa nje wa paja. Mkanda au suruali inayobana, kitambi, au mimba kwa wanawake, huibana. Haileti udhaifu wa mguu, na mara nyingi hutulia ukivaa nguo zisizobana na kupunguza uzito. Lakini kama moto unaanzia kiunoni au kwenye tako, unashuka nyuma ya paja hadi chini ya goti, na unazidi ukikohoa, hiyo ni neva iliyobanwa mgongoni. Hiyo nayo wengi hupona ndani ya wiki kadhaa, wakiendelea kutembea badala ya kulala kitandani. Asiyesubiri hata usiku mmoja ni yule ambaye miguu inalegea, au anakosa hisia sehemu za siri, au mkojo na choo vimemshinda. Huyo aende hospitali sasa hivi.

SWALI: Katikati ya vidole kunawasha na kuchoma, ngozi inabanduka.

JIBU: Ni fangasi, karibu hakika. Paka krimu ya clotrimazole au terbinafine, kausha kila baada ya kunawa, badilisha soksi kila siku. Clotrimazole endelea nayo wiki mbili hata baada ya ngozi kupona.

SWALI: Baba yangu ana miaka 70, anavuta sigara. Kigimbi kinamchoma akitembea, akisimama kinapoa. Siku hizi usiku ananing'iniza mguu pembeni ya kitanda ndipo analala.

JIBU: Mpeleke wiki hii, mwanangu. Hiyo si neva, ni mishipa ya damu iliyoziba. Maumivu ya kutembea yanayotulia kwa kusimama ni dalili ya mwanzo; maumivu ya usiku yanayopungua mguu ukining'inia yana maana damu haitoshi hata akiwa amepumzika, na mguu uko hatarini. Asiukande kwa maji ya moto. Sigara aache leo. Mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe au mweusi, hiyo ni dharura, msisubiri kupambazuke.

SWALI: Naweka miguu kwenye ndoo ya maji ya barafu kila usiku. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Ngozi yenye ganzi haijui baridi imezidi. Inaumia, inapasuka, vijidudu vinaingia. Maji ya bomba kwa dakika chache, kisha ukaushe vizuri, yanatosha. Lakini kama wakati wa kuwaka miguu inakuwa myekundu na ya moto kweli hata kwa anayeigusa, mwambie daktari jambo hilo waziwazi, kwa sababu upo ugonjwa adimu wa namna hiyo na tiba yake ni tofauti. Ipige picha wakati huohuo, maana ukifika kliniki huenda ikawa imekwisha kupoa.