Asilimia kumi ya nini?

Wadogo zangu mnaoanza ukocha hapa Goma, nimechungulia daftari zenu na nimechoka. Mteja ana kilo 84, mafuta ya mwili asilimia 40, anataka afike 30. Nanyi mnakata asilimia kumi ya 84, mnamwandikia 75.6. Nani kawaroga?

1. Anzeni na kisichokuwa mafuta. Asilimia 40 ya 84 ni kilo 33.6. Zinabaki 50.4: misuli, mifupa, maji na vinginevyo. Akifika asilimia 30, hizo 50.4 zitakuwa asilimia 70 ya uzito mpya. Gawa 50.4 kwa 0.7, unapata 72. Basi.

Nina haki ya kufoka, maana hiyo 75.6 niliwahi kumwandikia mama mmoja muuza vitenge wa soko la Virunga. Mama wa watu akapunguza bugali, akaacha kumiminia sombe mawese, na uzito akaufikisha. Kipimo kikasema mafuta 33. Nikasingizia mizani. Nikabadilisha betri, nikamfuta nyayo, akapanda tena: 33. Akaninyang'anya kalamu. "Mwanangu, hiyo kumi uliitoa kwenye nini? Mimi nikichanganya faida juu ya mtaji na faida juu ya mauzo, nakula mtaji." Kijana mmoja pembeni akaweka vyuma chini ili acheke vizuri. Kicheko nilikimeza. Kilichoniuma ni kwamba nyumbani alishawaambia amemaliza.

2. Mizani ya umeme, ile inayopitisha umeme kidogo mwilini kukisia mafuta, hudanganywa na maji: mwili ukikauka, mafuta yanasomeka mengi kuliko yaliyopo. Pimeni asubuhi, saa ile ile, kabla ya mazoezi.

3. Mnaopima mafuta kwa kufinya ngozi, kwa njia ya watafiti Jackson na Pollock ya sehemu tatu: wanaume kifua, tumbo, paja, wanawake nyuma ya mkono, juu ya nyonga, paja. Upande wa kulia. Na ombeni ruhusa kwanza jamani, hao ni mama zenu!

4. Ile 72 inasimama iwapo tu 50.4 haijaguswa. Akijinyima mpaka ikashuka 48, kwenye kilo 72 bado ana asilimia 33. Kwa hiyo sambaza na maharage vibaki kwenye sahani, vyuma viinuliwe, na kila mwezi mpime upya, mgawe upya.

Na yule aliyemwandikia dada yetu lengo la mafuta asilimia 8, kidogo mno kwa mwanamke, anitafute leo kabla hajafunga sale ya mazoezi.