Maswali ya R, lugha ya programu ya takwimu: kugawa thamani nyingi kwa mstari mmoja

Nataka x, y na z zote ziwe sufuri. Nitumie kifurushi (mkusanyiko wa funksheni zilizo tayari) gani? (Msomaji, Temeke)

Andika `x <- y <- z <- 0`. Swali hili limeletwa mara nyingi mno. Tafadhali jaribuni kwanza kwenye konsoli, dirisha la kuandikia amri za R.

Nimetunga opereta `%<-%` na kuandika `c(chini, juu) %<-% range(mvua) / 10` ili kiwango cha chini na cha juu cha mvua, ambavyo `range()` huvitoa kwa milimita, viwe sentimita. Skrini inaonyesha sentimita, lakini grafu inatoka na milimita. (Mwanafunzi, Ubungo)

Opereta yoyote iliyofungwa kwa alama za asilimia, hata uliyoitunga mwenyewe, hutekelezwa kabla ya kuzidisha na kugawanya, tofauti na `<-` ya kawaida ambayo husubiri hesabu yote ya kulia imalizike. Kwa hiyo R ilivipa `chini` na `juu` milimita kwanza, kisha ikagawanya kwa 10 kile ambacho opereta yako ilikirudisha, ikakionyesha kwenye skrini na kukiacha kipotee. Upande wa kulia andika `(range(mvua) / 10)`, pamoja na mabano yake ya nje. Hili ndilo linalonitia hofu kuhusu opereta za kujitungia: hapakutokea ujumbe wowote wa kosa, na bila ile grafu ungewasilisha ripoti ya mvua za masika yenye tarakimu zilizozidi mara kumi.

Ndani ya opereta yangu natumia `assign()` kuvipa vibadilika thamani, lakini vibadilika havionekani nje. (Msomaji, Mbezi)

Usipoielekeza, `assign()` huviweka ndani ya funksheni yenyewe, navyo hupotea funksheni inapomaliza kazi. Ongeza `envir = parent.frame()`, yaani mahali funksheni ilipoitwa, na majina ya kushoto uyapokee kwa `substitute()`, la sivyo R itatafuta thamani za majina ambayo bado hayapo.

Nawezaje kuunda `mwezi1` hadi `mwezi12` kwa mpigo? (Msomaji, Kinondoni)

Inawezekana, lakini nakusihi usifanye. Ukishakuwa na majina kumi na mawili utalazimika kunakili kila hesabu mara kumi na mbili, na siku utakaposahihisha kumi na moja hutajua ni upi uliousahau. Weka miezi yote katika orodha moja, uipitie kwa `lapply()`, ambayo hurudia hesabu ileile kwa kila kipengele. Kugawa majina kwa mpigo kunafaa pale tu funksheni inaporudisha vitu viwili au vitatu vyenye maana tofauti.

Kuna kifurushi kilicho tayari? (Msomaji, Kigamboni)

Kipo `zeallot`, kinapatikana CRAN, hifadhi ya vifurushi vya R. Mabano ya kuzungushia hesabu ya kulia yanahitajika huko pia.